Sura ya Tisa: Mita ya Pili

Fundi umeme aliomba kalamu kabla hajaulizwa swali lolote.

Inspekta alikuwa hata hajavuta kiti. Upande wa pili wa meza ya mahojiano alikaa kijana wa mabega mapana, midomo imemkauka, amekataa chakula tangu alipowekwa mahabusu. Viatu vyake havikuwa na kamba. Askari wa zamu alizichukua kwa sababu hakupenda namna kijana huyo alivyokuwa akiutazama ukuta.

"Nipe karatasi niweke sahihi, afande," alisema. "Nimemuua yule dada. Yaishe."

Inspekta akakaa, na koplo wake, mwanamke mwembamba asiyepoteza maneno, akafungua jalada. Habari yenyewe ilikuwa fupi na mtaa mzima uliijua. Mama mmoja mjane alijenga chumba na bafu ubavuni mwa nyumba yake ya zamani, ili mwanawe wa pekee akae humo na mkewe. Kijana huyu ndiye aliyefunga umeme. Maharusi walihamia, na hawajamaliza hata kupanga vyombo, bibi harusi akaingia bafuni asubuhi, akashika bomba la maji, asitoke hai. Daktari aliandika kwamba ni umeme. Mkuu wa kituo alitaka jalada lifike kwa mwendesha mashtaka siku hiyo kabla ofisi hazijafungwa, na lilikuwa limebakiza kitu kimoja tu, maelezo ya mtuhumiwa. Akikiri, njia ya gerezani ni moja kwa moja.

"Umekosea wapi?" Inspekta aliuliza.

"Vipi, afande?"

"Unasema umeua. Mimi sikukatalii. Nieleze kosa lenyewe. Ulibadilisha nyaya? Uliacha kiungo wazi?"

Fundi alitazama viganja vyake kana kwamba jibu lilikuwa limeandikwa humo.

"Sijui," alisema mwishowe. "Nimeipitia kazi yote kichwani, swichi kwa swichi. Sioni kosa. Lakini mtu kafa kwa umeme, na umeme nimefunga mimi. Nani mwingine?"

Inspekta alikuwa ameandika maelezo ya wauaji wengi na wezi wengi zaidi. Mwenye hatia hujua alichofanya hata anapokana. Huyu alikuwa anakiri asichokijua. Inspekta aliirudisha kalamu kwenye mfuko wa shati.

Akamtaka aeleze kazi yake tangu mwanzo, polepole, kama anayemfundisha mwanafunzi wa darasa la kwanza. Fundi alianza kwa kusitasita, kisha kazi yenyewe ikamnyanyua kichwa. Alifika kwenye waya wa ethi. Kifaa cha chuma kama hita ya maji kikiharibika ndani, alieleza, umeme hutoka ukaingia kwenye bati lake na kwenye kila bomba lililoshikamana nalo. Waya wa ethi ndio njia ya kuukimbizia ardhini. Ukikimbia kwa nguvu namna hiyo, fyuzi huungua na nyumba huzimika, na hakuna anayeumia. Njia hiyo isipokuwepo, umeme hubaki kwenye chuma ukimsubiri mtu.

"Na wewe njia hiyo uliifungia wapi?"

"Kwenye bomba la maji, afande. Lile la chuma linalotoka barabarani chini kwa chini. Nyumba ya zamani ilikuwa hivyo hivyo. Nilijaribu kupigilia fimbo ya shaba ardhini, nikakuta mwamba. Nikapima kwenye bomba, kipimo kikakubali."

"Nani alijua kwamba bomba hilo lina kazi mbili?"

"Mama mwenye nyumba. Nilimwonyesha kwa kidole. Nikamwambia, mama, bomba hili likitaka kuguswa, niite kwanza."

"Mlikuwa na nani?"

"Mimi na yeye tu."

Inspekta alisimama. Alimwambia askari wa zamu kwamba mtu huyu asipewe kalamu na yeyote, hata akiiomba kwa machozi.

Kwenye benchi la mapokezi alikaa mke wa fundi, mimba yake imekwisha kuwa kubwa, chakula alichokileta kikiwa bado kimefungwa kwenye kitambaa mapajani. Aliinuka kwa shida.

"Ameshaweka sahihi, baba?"

"Bado."

"Msimpe nafasi. Yule mtu sahani ikivunjika kwa jirani, yeye ndiye anayeomba radhi." Alijaribu kucheka, uso ukamkatalia. "Akifungwa mimi sina pa kwenda. Wazazi wangu ndio hao wamekwisha kufa, na wake vilevile."

Inspekta hakuwa na ahadi ya kumpa, na hakumpa.

Mkuu wa kituo alimsimamisha koridoni. Yeye alikuwa na jibu lake tayari. Mita ya umeme zamani ilikuwa kwenye ukuta wa ubavuni, palepale kilipojengwa chumba kipya. Sasa ipo ukuta wa mbele, na lakiri yake, ile sili ya risasi ambayo shirika la umeme huifunga ili mita isifunguliwe, imekatwa. Kuhamisha mita si kazi ya fundi wa mtaani. Ni wazi kwamba kijana kaihamisha mwenyewe kwa njia za panya na kuharibu. Inspekta alisema atakwenda kuhakikisha. Mkuu akamwambia ahakikishe haraka, kwa sababu jalada litaondoka leo, liwe na sahihi au lisiwe nayo.

*

Afisa wa shirika la umeme alikuwa amewatangulia kwenye nyumba. Alikuwa mzee aliyekaribia kustaafu, na aliudhika kuulizwa. Mita hiyo, alisema, waliihamisha wao, kwa maombi ya mwenye nyumba, kabla msingi wa chumba haujachimbwa. Aliifunga lakiri kwa mkono wake.

"Basi nani aliikata?"

"Mimi hapa," sauti ilisema juu ya ua.

Alikuwa jirani, seremala, na koleo lilikuwa bado mfukoni. Alieleza kwamba asubuhi ile alisikia kelele, akaruka ua, akamkuta mwana wa nyumba anataka kumvuta mkewe kwa mikono mitupu. Alimpiga teke akaanguka pembeni, kisha akakimbilia kwenye mita, akakata lakiri na kung'oa fyuzi kuu.

"Kama mnatafuta mtu wa kumfunga kwa lakiri ya serikali, mimi nipo," alisema. "Ila mnipe muda nimalizie kitanda cha watu."

Hakuna aliyecheka. Koplo aliandika, na nadharia ya mkuu wa kituo ikafia hapo ukutani.

Mwana wa nyumba alikuwa ameketi juu ya matofali yaliyobaki ya ujenzi, na shati alilovaa lilikuwa lile lile la mazishini. Alimwona Inspekta akaja moja kwa moja.

"Kwa nini hajapelekwa mahakamani?" aliuliza. Hakupaza sauti. "Kila nikija kituoni naambiwa kesho. Mke wangu hana kesho. Mnangoja nini, afande?"

"Nangoja kujua kilichomuua."

"Umeme umemuua. Na aliyefunga umeme mnaye. Mkishindwa nyinyi, semeni, nitamtafuta mwenyewe."

Inspekta alimwomba akae. Kisha akavua koti, akampa koplo, na kuanza kuufuata waya wa ethi kwa mkono wake.

Ulianzia kwenye bodi ya fyuzi, waya wa kijani wenye mstari wa njano, ukapita chini ya dari, ukatoboa ukuta wa nyuma na kushuka nje hadi kwenye kibanio cha chuma. Kibanio kilikuwa kimelishika bomba la maji mahali linapotoka ardhini na kupanda ukutani. Kilikuwa kimekazwa vizuri. Afisa wa umeme aliunganisha kipimo chake, akasoma, akakipiga kofi kidogo, akasoma tena.

"Hapa hakuna ethi," alisema. "Ni kama waya umefungwa kwenye mti mkavu."

Inspekta alichuchumaa. Wapaka rangi walikuwa wameupaka ukuta rangi ya maziwa, na kwa uvivu wao wakalipaka bomba pamoja nao, kibanio na vyote. Rangi ya kibanio haikuwa na ufa, kwa hiyo hakijawahi kufunguliwa tangu siku ya rangi. Lakini chini kidogo, karibu na udongo, rangi ilikoma ghafla. Hapo chuma kilikuwa na mikwaruzo mipya.

Aliomba jembe, akachimba mwenyewe. Udongo ulikuwa laini. Shubiri chache chini ya ardhi bomba la chuma lilikwisha, na kutoka hapo likaendelea bomba jipya la plastiki, jeusi, lisilo na hata tone la rangi. Walilifuata kwa kuchimba hapa na pale. Lilipita chini ya ua na kutokea getini, kwenye sanduku dogo la saruji. Ndani ya sanduku mlikuwa na mita ya maji.

"Plastiki haipitishi umeme," koplo alisema, zaidi kwa nafsi yake.

"Haipitishi," alikubali afisa wa umeme. "Ethi ya nyumba hii inaning'inia hewani. Hita ya bafuni ikapata ufa, mabomba yote ya chuma yakashika umeme."

Inspekta aliyapanga mambo kwa vidole. Fundi umeme kwanza, maana kibanio kimepakwa rangi. Wapaka rangi wa pili. Aliyekata bomba ni wa tatu, maana kazi yake haina rangi. Fundi alipopima alikuwa sahihi, na alipoondoka aliiacha nyumba salama. Kilichobaki ni kujua nani alimwita wa tatu, na kama aliyemwita alikuwa ameonywa. Bila hilo la mwisho mwendesha mashtaka angesema fundi hakumwambia mtu, na kijana angerudi palepale kwenye kalamu yake.

Kabla ya kuingia ndani aliinama tena kuitazama ile mikwaruzo. Alikaa pale muda mrefu kuliko koplo alivyotarajia.

*

Mama mwenye nyumba aliwakaribisha kwenye sebule ya zamani. Alikuwa mama wa makamo, mkavu, aliyejikaza mgongo kama mtu aliyebebeshwa ndoo kichwani. Koplo alifunga mlango.

Alijibu kwa utaratibu. Ndiyo, mita ya maji ilihamishwa. Waliihamisha watu wa maji, zamani, kabla hata fundi umeme hajaja. Inspekta alimweleza habari za rangi. Mama akasema huenda ilikuwa baadaye, kichwa chake siku hizi si chake. Koplo akamwambia kwamba ameshawapigia simu watu wa maji. Wao waliiweka mita tu, na bomba la ndani ya kiwanja ni juu ya mwenye kiwanja.

Hapo mama akaeleza, na maelezo hayo yalikuwa ya kweli, ilisikika kwenye sauti yake. Alipopanga ujenzi aliikumbuka mita ya umeme, ya maji akaisahau. Chumba kilipoinuka, mita ya maji ikajikuta ndani, kwenye kona ya chumba cha kulala. Maharusi wakahamia. Siku moja msoma mita akabisha hodi, akaambiwa apite, akakuta kitanda cha wenyewe. Alitoka mbio kuliko alivyoingia, akasema yeye hasomi mita chumbani kwa watu, itolewe nje au maji yakatwe.

"Mkwe wangu aliona aibu siku nzima," mama alisema. "Hakula. Nikamwambia, mwanangu, kwa ajili yako kesho mita hiyo itatoka."

"Ukamwita fundi bomba."

"Nikamwita."

"Yupi?"

Alikuwa wa kupita njia, mama alisema. Hamjui jina wala anakokaa. Sauti ilikuwa imerudi kuwa kavu.

"Mama," Inspekta alisema, "fundi umeme alikuambia bomba lile lisiguswe bila yeye kuitwa. Ndiyo au siyo?"

"Hakuniambia."

"Alikuonyesha kwa kidole."

"Mafundi wanaonyesha mengi. Hakuniambia."

Nje alisikika mwanawe akikohoa. Mama aligeuza macho dirishani, akayarudisha upesi, na Inspekta akauona wepesi huo.

"Nina jambo moja, mama, halafu nitakuacha," alisema. "Bomba la chuma likifunguliwa linahitaji spana mbili. Moja inazungusha, nyingine inashikilia ili bomba lisijipinde ukutani. Alama za spana zote mbili zipo pale. Ya chini ni ya fundi, meno yake yameuma mara moja tu. Ya juu imeteleza, imeuma, imeteleza tena, imekwangua rangi ya watu. Aliyeishika ana nguvu lakini si fundi. Na fundi wa kupita njia hatembei na msaidizi asiyejua kushika spana."

Macho ya mama yalirudi dirishani.

"Nani alishika upande wa juu?"

Mgongo wa mama ulivunjika polepole, kama kitu kinachoshushwa na watu waliochoka. Alijishika magoti. Alipozungumza tena alinong'ona, na jicho lake lilikuwa mlangoni.

"Hajui," alisema. "Nakuomba, hajui. Anajua tu alimsaidia fundi kutoa bomba kuukuu. Mkewe alikuwa amesimama pale anamtania, eti leo nimeolewa na fundi. Walikuwa wanacheka."

Koplo aliacha kuandika.

"Na maneno ya fundi umeme?"

"Niliambiwa. Na nilikumbuka, baba, usidhani nilisahau. Bomba linakatwa na mimi nakumbuka. Nikasema hawa mafundi kila mmoja anajiona yeye ndiye aliyeishika nyumba. Mmoja kaniambia nisimwage maji kwenye zege, mwingine nisiegemee rangi, mwingine nisiguse bomba. Nyumba yangu, nimwombe ruhusa fundi? Nikanyamaza." Alifuta uso kwa ncha ya khanga. "Kosa ni langu. Nifunge mimi, andika nililikata mimi. Lakini mikono yake usiitaje."

"Siwezi kuandika ulilikata wewe. Fundi bomba tutampata, na atasema nani alimshikia."

"Basi ngoja. Mwaka upite."

"Kijana aliyeko mahabusu ameacha kula. Anaomba kalamu akiri, na jalada linaondoka leo. Mkewe ana mimba."

"Mkwe wangu nimemzika," mama alisema. "Unataka nimzike na huyu? Mimi namfahamu mwanangu. Akijua ni mkono wake, hatapona. Yule fundi akifungwa atatoka siku moja. Huyu wangu hatoki."

Inspekta alikuwa amezoea watu kumdanganya ili wajiokoe. Huyu hakuwa anajiokoa, na hilo lilimfanya akose pa kumshikia. Alitazama saa ya ukutani, akatazama mikono yake iliyojaa udongo.

"Kitu kimoja ninaweza kukupa," alisema. "Anaweza kusikia kwa wakili mbele ya watu, au anaweza kusikia kwako, hapa, sasa hivi. Kingine sina."

Mama alijifunga khanga upya kiunoni, akaenda mlangoni mwenyewe, akaufungua.

"Mwanangu," aliita. "Njoo ndani. Njoo ukae na mimi."

Mwana akaja, akawapita Inspekta na koplo kizingitini bila kuwatazama. Mlango ukafungwa nyuma yake.

Walisubiri uani, kando ya shimo walilolichimba. Afisa wa umeme alikuwa anakunja nyaya za kipimo chake. Alieleza, kwa sauti ya chini, kwamba fundi umeme naye alipaswa kung'ang'ana na fimbo ya shaba sehemu nyingine ya kiwanja, asitegemee bomba la watu wa maji, na kwamba angeulizwa hilo. Inspekta alisema aulizwe, lakini akiwa nje, tumbo lina chakula. Ndani hapakusikika kilio. Ilisikika sauti ya mama, moja tu, ndefu, isiyokatizwa. Halafu hata hiyo ikanyamaza, na ukimya ukachukua muda mrefu mno. Koplo akatazama mlango, akamtazama mkubwa wake. Inspekta alikuwa ameshapiga hatua ya kwanza mlango ulipofunguka.

Mwana alitoka peke yake. Alitembea hadi kwenye shimo, akasimama juu yake, akalitazama bomba jeusi na zile alama za spana kwenye chuma juu yake. Mikono aliishikilia mbali kidogo na mwili, kama mtu aliyetoka kuiosha akakosa kitambaa.

"Mkiandika maelezo yangu, yule anatoka leo?" aliuliza.

"Nikiyafikisha kabla ofisi hazijafungwa, hashtakiwi kwa kuua."

"Na mama?"

"Sijui. Hilo halipo mikononi mwangu."

Alitikisa kichwa polepole. Ilikuwa vigumu kumtazama.

"Nimesikia ana mke."

"Anaye," Inspekta alisema. "Yupo kituoni anamngoja."

Mwana aligeuka kuiangalia nyumba, upande wa chumba kipya, ambako pazia la dirisha lilikuwa bado limefungwa vizuri kwa utepe na mtu aliyejali. Alilitazama mpaka koplo akainamisha macho.

"Twendeni basi," alisema. "Mkewe asikawie kumpata."